Droo ya Wazee

Alhamisi, 12 Machi 1953

Masika yameingia. Pastory, anayevuta mkono wa mashine yetu ya chapa, alifika ameloa mpaka kofia, akatundika shati lake kwenye kamba ya kukaushia kadi. Nikamwambia shati likipata wino asije kunililia mimi. Tunachapa vyeti vya ubatizo vya watu wa Butiama. Baba amekaa mlangoni ananusa mvua. Tangu macho yake yaanze kuingia ukungu, kupanga herufi ni kazi yangu. Nilirudi hapa Mwigobero mjane, nikitegemea kupewa pole. Baba, Mzee Shomari mwenyewe, akanipa aproni.

Jumapili, 15 Machi

Leo posa ya mdogo wangu Tabu imeharibika, na aliyeiharibu ni mposaji mwenyewe.

Hamduni ni mtengeneza nyavu, kwao Bunda, ana kibanda chake pwani ya ziwa. Kwa desturi hakutakiwa kuonekana kwetu siku ya posa. Lakini mshenga wake ni mzee, njia ilikuwa utelezi mtupu, ikabidi kijana amshike mkono mpaka kwetu. Angemwacha mlangoni arudi zake. Akaingia. Mshenga na Baba wakakaa sebuleni, chai ikapita, mandazi yakapita, nikasikia Baba akicheka, nikajua mambo yamekwisha. Hamduni kwa aibu akajificha chumba cha chapa, na humo akaikuta Droo ya Wazee iko wazi.

Hiyo ni droo ya chini kabisa. Ina herufi kubwa nyeusi za Kijerumani, zile zenye pembe na miiba, ambazo Baba alijifunzia kazi huko Tanga akiwa kijana, kabla vita ya kwanza haijamsukuma bara na mizigo ya watu kichwani. Miaka mingi baadaye misheni moja ya kando ya ziwa ilifunga chumba chake cha chapa. Baba akaenda kununua mashine, akaikuta droo ile imetupwa nyuma ya choo. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akituhadithia kwamba mashine ilikuja kwa mkokoteni, ila droo Baba aliibeba mwenyewe.

Basi Hamduni akatoka na herufi moja mkononi, anaipima uzito kama mtu anayechagua nyanya, akauliza mbele ya wazee: "Mzee, hizi risasi mmezifungia humu za nini? Mnaziuzaga? Zingefaa sana kuwa vizito vya nyavu. Ukiyeyusha tu, kazi imeisha."

Baba aliweka kikombe chini. Akamwambia mshenga, wala si Hamduni: "Mtu akitazama maneno akaona vizito vya nyavu, akimtazama binti yangu ataona nini?" Posa ikaishia hapo. Tabu yuko jikoni anaosha sufuria ambalo nimeliosha mimi asubuhi.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Tabu hasemi.

Jumapili, 22 Machi

Bado hasemi, na uji anaotupikia ni maji yaliyopitiwa na unga. Baba anaunywa hadi mwisho. Watu wa Hamduni wametuma habari: watasubiri mpaka Idi. Ikipita Idi bila jibu, wajomba zake wa Bunda watamtafutia kwingine. Hamduni hana ubavu wa kuwapinga wajomba, na Tabu hatatoka nyumba hii bila radhi ya baba yake. Nilimuuliza kama anampenda kweli. Akasema, "Dada, mimi nilikuwaga nampelekea sindano za nyavu ambazo hajaagiza."

Alhamisi, 26 Machi

Alikuja Mzee Gati, mwenye ng'ombe wa Nyamuswa, anataka kadi za harusi ya mwanawe. Akachagua herufi za Wazee, na jina lake alitaka lote kwa herufi kubwa, kwa kuwa yeye ni mtu mkubwa.

Nilimsihi. Herufi kubwa za Wazee kila moja imevaa joho na kilemba na haitaki kukaa na mwenzake. Moja mwanzo wa neno, nyuma yake wadogo waliobanana bega kwa bega, hapo utaona uzuri: mstari unakaa mweusi, mzito, kama kitambaa kilichofumwa. Ukizipanga kubwa tupu zinagombana, hata mwenye jina hajioni. Gati akasema, "Wee panga tu. Anayenijua ananijua." Nikapanga. Zikatoka kama uzio wa miiba ulioangukiwa na mti. Gati alizitazama, akageuza kadi juu chini, akaridhika kabisa, akaenda.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza habari zake, na mimi kwa kweli huwa naziomba kimoyomoyo. Jinsi alivyotufunza kusoma mimi na Tabu sakafuni, tukilala kifudifudi, herufi moja mkononi inapakwa masizi na kupigwa kwenye karatasi ya sukari. Mama yetu, Wegesa, alikuwa akigombana naye: watoto wa Kiislamu wanasoma herufi za kanisani! Baba alikuwa akimjibu kwamba herufi haina dini, ina tumbo tu, na hizi zinakunywa wino kupita kiasi. Hizi si za tangazo la sabuni, alikuwa akisema. Tulimchapia mtu tangazo la dawa ya kupe kwa herufi za Wazee, watu wakavua kofia wakidhani kuna msiba. Ni za siku zile chache mtu anazotaka zikumbukwe: ubatizo, nikaha, hitima, cheti cha kumaliza shule.

Kadi yangu mimi na marehemu Omari ilipangwa nazo. Iko sandukuni kwangu. Jina lake pale linasomeka vizuri kuliko ninavyoukumbuka uso wake, na hilo linaniuma.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Pastory yuko kanisani. Nimesafisha mashine.

Jumamosi, 11 Aprili

Clementi, karani wa Boma, ameleta kazi kubwa. Malkia atatawazwa huko Ulaya tarehe 2 Juni, na Musoma itafanya sherehe: ngoma, mbio za mitumbwi, chai kwa wazee. Bwana mkubwa wa Boma anataka tangazo lenye kichwa cha herufi za Kiingereza cha kale. Clementi alizichungulia za Wazee akasema, "Ni hizihizi!" Baba akajikuna kidevu, akasema ndiyo, ni hizihizi. Alivyotoka tukafunga mlango tukacheka. Herufi za Kaizari zitamtangaza Malkia.

Jumapili, 19 Aprili

Hamduni amerudi. Hakusema habari ya posa. Alileta sato wawili kwenye ugwe, akakaa kwenye benchi ya wateja akitazama ninavyopanga. Akauliza hii ni herufi gani, na hii, na mbona zinatazama nyuma. Nikamjibu kwa mkato. Baba alijifanya amelala, lakini Hamduni alipoita K kuwa R, nikasikia kutoka kitini, "K hiyo! Huoni mguu wake?" Kisha akajifanya amelala tena.

Jumapili, 26 Aprili

Amekuja tena. Sato watatu. Baba kala vichwa vyote, akasema havina chumvi.

Jumatatu, 27 Aprili

Nguo bado zimeloa lakini niandike.

Mchana upepo ulitoka ziwani ghafla, na mvua yake ikija imelala ubavu. Bati mbili za chumba cha chapa ziling'oka kwa mlio ambao sitausahau. Pastory akarukia mashine na turubai. Mimi nikakumbatia karatasi za Boma. Baba amesimama katikati, mikono mbele, anaita, "Droo! Droo ya chini!" na maji yanamshukia kichwani.

Hamduni alikuwa njiani kwenda kibandani kwake, aliposikia mabati akaingia mbio. Akapiga magoti akaivuta ile droo. Ni nzito, mimi na Pastory huibeba wawili na bado tunatukanana njiani. Aliiinua mpaka kichwani peke yake, akavuka ua ulivyo matope hadi chumbani kwa Baba, polepole, shingo imenyooka, kama mwanamke aliyebeba mtungi uliojaa. Angeteleza mara moja tu, herufi zote zingekuwa topeni, na kuzitenga ni kazi ya mwezi.

Hakumwaga hata moja. Baba alikaa kitandani akapapasa kijumba baada ya kijumba, a mahali pa a, n mahali pa n. Alipomaliza akauliza, "Mbona hukuanza na mashine? Yenye thamani ni mashine."

Hamduni alikuwa anakamua kanzu. "Mashine ni chuma, Mzee, itakaukaga. Hizi zikimwagika nani atakupangia, na wewe huoni?"

Hakuna aliyewahi kumwambia Baba waziwazi kwamba haoni. Mimi binafsi nilitazama chini. Baba akasema, "Mpeni huyu chai." Tabu alimwaga nusu nje ya kikombe.

Droo itakaa chumbani kwa Baba mpaka bati zirudi.

Ijumaa, 1 Mei

Bati zimerudi, droo imerudi mahali pake. Nilitaka kujaribu kichwa cha tangazo, nikaona T kubwa haipo. Labda ilibaki kitandani kwa Baba. Nimetafuta, hakuna.

Jumatano, 6 Mei

H kubwa nayo haipo. Na a zimepungua, nina hakika. Hizi herufi zilitengenezwa kwa ajili ya Kijerumani, na Kijerumani kinakula e. E tunazo tele hata hatujui tuzifanyie nini. Kiswahili kinakula a. Kila a kwetu ni dhahabu ya Buhemba.

Mwizi wa risasi angechota kiganja kizima. Huyu anadonoa.

Jumamosi, 9 Mei

Nimemuuliza Pastory. Ndugu zake ni wavuvi upande wa Majita, na risasi ya nyavu imekuwa adimu msimu huu. Sikumuuliza vizuri. Nilimuuliza kama mtu aliyekwisha kujibiwa.

Alifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Dada Kijakazi, ningekuwa naibaga risasi, ningeiba zile za kawaida, ziko nyingi. Hizi za Mzee unazijua moja moja kama kuku wako. Mimi ndiyo nimekuwa mjinga hivyo?" Akavaa kofia akaenda kwao. Nilisimama na aproni yangu. Mvua haikuacha kutwa.

Jumapili, 10 Mei

Kama si Pastory, basi ni yule aliyeibeba droo. Alipata wapi mazoea ya kuja kila Jumapili? Vizito vya nyavu alivitaka tangu siku ya kwanza. Sijamwambia Tabu. Ameanza kupika uji mzito tena, anaimba jikoni, na kila akiimba mimi nafunga mlango.

Alhamisi, 14 Mei

Mwezi umeonekana jana. Tumefunga.

Jumatano, 20 Mei

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Clementi alikuja asubuhi: tangazo la Boma linatakiwa kesho kutwa. Nikavuta droo kuanza kichwa, Sikukuu ya Kutawazwa, S na K tu ndizo kubwa, nyingine ndogo kama inavyostahili. S haipo. K haipo. Za ukubwa ule tulibaki na mojamoja tu tangu zamani. A ndogo ukizikusanya hazijazi kiganja.

Nilikaa sakafuni. Saumu, joto, mvua inapiga bati, Pastory hayupo. Na ndipo Hamduni akaingia, amevaa kofia ya Ijumaa na leo ni Jumatano. Wajomba zake hawakungoja Idi, wamemwita Bunda. Wamepata binti. Alikuja kumuuliza Baba kwa mara ya mwisho.

Nikamrukia. Nilisema yote. Kwamba anatuletea sato kwa mkono huu na kwa mkono huu anachukua herufi za mzee kipofu. Ndiyo, nilisema kipofu, na Baba yuko chumba cha pili. Kwamba T ya baba yangu iko chini ya ziwa inashikilia wavu wake. Tabu alitoka jikoni akasimama, mkono mdomoni. Hamduni alinitazama kwa mshangao hata nikaanza kusitasita, lakini ulimi ulikuwa umeshika kasi.

"Kijakazi," Baba akaita. "Mwache kijana."

Akaja akishika ukuta. Mkononi alikuwa na kile chuma cha kupangia mstari, cha kwake cha zamani, ambacho nilidhani kimekwisha liwa na kutu. Amekibana kifuani, kidole gumba juu ya herufi zisianguke, vilevile alivyotufundisha.

"Soma," akasema. "Mimi sina uhakika na u yangu."

Herufi zikiwa kwenye chuma zinasimama kichwa chini na zinatazama kinyume. Asiye wa kazi hii haambulii kitu. Hamduni alikuwa akiangalia chuma bila kujua ni jina lake. Nikasoma:

*Tabu na Hamduni. Kwa radhi ya Shomari.*

Tabu akakaa palepale mlangoni, kwenye maji.

"Nimekuwa nikiokota moja moja mkilala mchana," Baba akasema. "Vidole navyo vimezeeka. B nimeirudisha mara tatu nikidhani ni V. Nilitaka iwe tayari siku ya Idi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, ningempangia kwa muda wa kunywa maji.

"Mama yenu nilimwoa bila kadi, sikuwa na herufi hata moja. Ya kwako niliipanga mwenyewe. Huyu wa mwisho apangiwe na mtu mwingine?" Akamgeukia Hamduni, au pale alipodhani Hamduni amesimama. "Uliniambia sioni. Nimeshaishi na watu wanaonificha hilo miaka, wananipisha mlangoni kimyakimya. Wewe uliniambia, na droo ulishaileta. Binti yangu akae na mtu wa namna hiyo."

Hamduni alipiga magoti. Mimi nililia bila haya, na saumu yangu.

Kisha nikakumbuka Boma. Nikasema, "Baba, K na S ndizo ninazozitaka kwa tangazo la Malkia."

"Chapa hii kwanza," akasema. "Malkia atangoja."

Pastory hayupo, ikabidi Hamduni avute mkono wa mashine kuchapa kadi za harusi yake mwenyewe. Kadi za kwanza alizivuta kwa nguvu za kuvuta wavu, zikatoka nyeusi tii. Baba akainusa moja, akasema wino umezidi, akaitia mfukoni hiyohiyo.

Alhamisi, 21 Mei

Nimekwenda kwa Pastory, nikaloa njia nzima. Nilimwambia nimemkosea. Akasema, "Basi yameisha, dada. Lakini shati langu sitalitoa tena kwenye ile kamba." Amerudi nami. Tangazo la Boma limetoka jioni.

Jumanne, 2 Juni

Ngoma mji mzima. Tangazo limebandikwa kila ukuta mpaka Buhare. Clementi anasema Bwana mkubwa amesifu sana herufi zake za Kiingereza cha kale. Baba alijibu kwa adabu zote, akaingia ndani kucheka.

Jumamosi, 13 Juni

Idi. Mvua imekuwa manyunyu.

Jumapili, 21 Juni

Harusi ilikuwa jana. Gati alikuja kutoka Nyamuswa, akaishika kadi yetu mbali na uso, akasema ni nzuri ila majina ni madogo. Wazee wawili waliosoma shule za Wajerumani waliisoma kwa sauti kwa zamu, wakabishana, wakashikana mikono. Tabu alipotoka Baba hakumwona, alimsikia nguo. Nyumba ni kubwa sana leo.

Jumamosi, 27 Juni

Baba amempa Hamduni Droo ya Wazee. Yote, ayeyushe.

Tulipinga wote, Hamduni zaidi ya sisi. Alisema atatumia mawe mpaka afe. Baba akasema: "Hizo a zimechoka, nyingine zimekatika mguu. Kijakazi ana herufi nyingine zinamtosha. Mimi nikifa, atakuja mtu kununua mashine, na hii droo itatupwa tena nyuma ya choo. Sitaki. Afadhali iende na aliyeibeba."

Kabla haijaenda aliomba aachwe nayo alasiri nzima. Nilimpita mara nyingi kwa visingizio. Alikuwa akichukua moja, anaipapasa, anaitaja jina, anaiweka. Nilitaka kumwomba aniachie O ya Omari, nikashindwa kusema. Alipomaliza akaniita akaniwekea kitu kiganjani, akakifunga kwa vidole vyake. Sikuhitaji kufungua kujua ni ipi.

Jumapili, 5 Julai

Hakuna wingu. Ua umekauka, kuku wanaoga vumbi.

Tabu na mumewe wamekuja na sato mmoja, mkubwa sijapata kuona, mkia unatoka nje ya sinia. Ni wa wavu mpya, ule wenye vizito vya Droo ya Wazee. Tabu alipika yeye, na chumvi safari hii ilikolea. Baba alipewa kichwa kama kawaida. Alikitafuna kwa makini, akatoa miba, akauliza:

"Ameletwa na herufi gani huyu?"

Tukatazamana. Tabu akasema, "Zote, Baba. Ziko pamoja sasa."

"Hapana. Ukubwa huu si wa herufi ndogo." Akafikiri, anaramba vidole. "Huyu ni K." Akala tena kidogo, akatikisa kichwa. "Basi bado ziko kazini."

Nilikwenda jikoni kulia. Waliponiuliza, nikasema ni moshi, na moto ulikuwa umezimika zamani.